Polisi wa London na silaha ya umeme

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anapowasili London kwa mara ya kwanza hushangazwa na mengi, lakini lipo moja ambalo aghalabu humfanya ageuke na kutazama tena: askari polisi wa doria hana bunduki. Nami lilinigeuza shingo. Nilimwuliza askari njia ya kwenda kituo cha treni, naye akanielekeza kwa upole, mabegani hana kitu. Nyumbani nilikuwa nimezoea kumwona askari na bunduki yake kama mkulima na jembe lake.

Hii leo, askari kama huyo huenda akawa amebeba kifaa cha rangi ya manjano chenye umbo la bastola. Ni Taser, silaha inayorusha umeme. Kwa zaidi ya miaka 20 Waingereza wamekuwa wakibishana juu yake. Je, inaokoa maisha, au inaleta mateso na vifo ambavyo visingetokea? Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza tuulize jingine: Taser imechukua nafasi ya kitu gani?

Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir Robert Peel, alipounda polisi wa London mwaka 1829, wananchi walikuwa na hofu ya kuona jeshi mitaani. Miaka 10 kabla ya hapo, wanajeshi wapanda farasi walikuwa wamewavamia raia waliokusanyika mjini Manchester kudai haki ya kupiga kura, na watu wasiopungua 15 wakauawa. Kwa hiyo askari wa Peel walivishwa makoti ya buluu, si mekundu kama ya wanajeshi, na silaha yao ya kawaida ilikuwa rungu la mbao lililofichwa ndani ya koti. Tangu wakati huo, vikosi maalumu vyenye bunduki vimeundwa, lakini askari wengi wa London hadi leo hawabebi silaha ya moto. Msingi wake ni kwamba polisi hufanya kazi kwa ridhaa ya raia.

Desturi hiyo, hata hivyo, haikusafirishwa kwenda makoloni. Polisi wa makoloni ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, waliundwa zaidi kwa mfano wa kikosi cha Ireland, ambacho askari wake walibeba silaha na kuishi kambini. Kulinda utawala kulitangulia kumlinda raia. Ndiyo maana msikilizaji wa Nairobi au Dar es Salaam, akisikia kwamba polisi wamepewa silaha isiyokusudiwa kuua, huenda akaiona kuwa ni huruma. Yeye anaipima kwa bunduki. Mkazi wa London anaipima kwa rungu na kwa maneno.

Silaha yenyewe ilibuniwa na Mmarekani Jack Cover, mwanasayansi aliyewahi kushiriki katika mpango wa safari za anga za juu, akaikamilisha mwaka 1974. Jina lake alilitoa katika hadithi ya vijana iliyohusu bunduki ya umeme. Kifaa hurusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Vikinasa mwilini au katika nguo, umeme huikaza misuli na mtu huanguka bila kuweza kujikinga. Kwa kawaida umeme hupita kwa sekunde 5, lakini katika aina zilizotumiwa kwa miaka mingi, askari akiendelea kubana kitufe, umeme nao huendelea.

Majaribio nchini Uingereza yalianza Aprili 2003 katika majimbo matano ya polisi, London likiwa mojawapo. Sharti lilikuwa wazi: Taser ilikabidhiwa askari waliokwisha kuidhinishwa kubeba bunduki, katika matukio ambayo bunduki ingeruhusiwa. Mwaka 2004 Waziri wa Mambo ya Ndani, David Blunkett, aliruhusu utaratibu huo England na Wales nzima. Hapo hoja ya serikali ilikuwa na nguvu. Baina ya risasi na umeme, ni nani asiyechagua umeme?

Lakini mwaka 2007 yalianza majaribio mengine, safari hii kwa askari wasiobeba bunduki. Kipimo kikabadilika bila kelele. Mwaka uliofuata, Waziri Jacqui Smith alitangaza fedha za kununua Taser 10,000. Mamlaka iliyosimamia polisi wa London wakati huo ilikataa kupanua matumizi yake, ikihofia kwamba imani ya raia kwa polisi ingepungua. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2012, na Taser zikaenea katika mitaa yote ya jiji.

Wanaoitetea wana ushahidi. Tarehe 5 Desemba 2015, katika kituo cha treni cha Leytonstone, mashariki mwa London, mtu mmoja mzaliwa wa Somalia, ambaye alikuwa mgonjwa wa akili, alimkata abiria shingoni kwa kisu na kuwatishia wengine. Askari walimwangusha kwa Taser. Abiria alinusurika, na mshambuliaji alifikishwa mahakamani akiwa hai. Aprili 2024, huko Hainault, mtu mwenye upanga alimuua kijana wa miaka 14 na kuwajeruhi vibaya askari wawili. Askari wasio na bunduki ndio waliomkabili, na Taser ndiyo iliyosaidia kumdhibiti. Ni vigumu kuwaambia askari hao kwamba rungu lingetosha.

Wanaoipinga nao wana ushahidi. Agosti 2016, mjini Telford, Dalian Atkinson, aliyewahi kuwa mshambuliaji wa klabu ya Aston Villa, alikuwa amechanganyikiwa nje ya nyumba ya baba yake. Askari Benjamin Monk alimpitishia umeme kwa sekunde 33 mfululizo, kisha akampiga mateke kichwani. Atkinson alifariki dunia. Mwaka 2021 Monk alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 8. Juni 2022, katika daraja la Chelsea hapa London, polisi walimpiga Taser mtu aliyekuwa na msukosuko wa akili. Awali walisema alikuwa na bisibisi. Ilibainika kuwa alichoshika ni kiwashio cha moto. Alitumbukia katika mto Thames, akafa.

Ni kweli kwamba mara nyingi Taser hutolewa au kulengwa tu, na mtu husalimu amri kabla umeme haujarushwa. Lakini mwaka 2021 ofisi huru inayochunguza mienendo ya polisi ilipitia kesi 101, ikakuta kwamba kati ya watu weusi waliorushiwa umeme, asilimia 60 walipitishiwa kwa zaidi ya sekunde 5 mfululizo. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 29. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama Mwafrika wa Tottenham au Peckham, mwenye kijana anayerudi nyumbani usiku, hausomi mjadala huu kama asomavyo yule asiyedhani kuwa mwanawe ataelekezewa silaha hiyo.

Basi jibu hutegemea tukio. Mbele ya upanga wa Hainault, Taser ilichukua nafasi ya risasi, na hiyo ni faida. Darajani Chelsea ilichukua nafasi ya subira, ya maneno, na ya mtaalamu wa afya ya akili, na hiyo ni hasara. Hesabu ya jumla haiwezi kuyatenganisha matukio hayo mawili. Inabidi kila askari aulizwe, kila mara: usingekuwa na Taser, ungefanya nini?

Swali hilo linatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki, ambako polisi hulaumiwa mara kwa mara kwa kufyatua risasi za moto dhidi ya waandamanaji. Silaha ya umeme inaweza kupunguza misiba ikiwa bunduki itabaki ghalani. Ikiwa askari atabeba zote mbili bila kuwajibishwa, raia atakuwa ameongezewa tu kitu kingine cha kuogopa.