Mji kasoro bahari

Anayetaka kuzamia akatazame matumbawe na samaki wa rangi hapandi basi la Morogoro. Anakwenda Mafia, Nungwi au Matemwe. Wenyeji wa Moro wanalijua hilo, na kwa majivuno yenye kijiba kidogo cha roho wameuita mji wao "mji kasoro bahari": milima ipo, matunda yapo, muziki upo, umekosekana ufukwe tu. Mimi naona wanajipunja. Bahari imeufuata mji huu tangu siku ulipoanza, mara kwa heri, mara kwa shari.

Katikati ya karne ya 19 Kisabengo, mtawala mwenye asili ya Kizigua, alijenga ngome yake ya Simbamwene chini ya milima ya Uluguru, jirani na mto Ngerengere. Pale palikuwa na maji na chakula, na zaidi ya hayo palikuwa njiani. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipita hapo, na aliyepita alidaiwa hongo: vitambaa, shanga, nyaya. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alikuta mji wenye ukuta wa mawe na minara minne kwenye pembe. Kisabengo alikuwa ameshafariki na aliyetawala ni binti yake. Mama huyo hakuwa wa kuchezewa: Stanley alipodhani kwamba ameshamaliza mambo ya hongo, watu wake walizuiliwa mjini.

Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja. Minazi na mikarafuu iling'oka mashamba kwa mashamba, na merikebu za Sultani Sayyid Barghash zikaangamia bandarini. Mwezi huohuo Stanley alikuwa njiani kurudi pwani. Alipofika Simbamwene akakuta Ngerengere umefurika na kupita na ukuta wote wa mbele, pamoja na nyumba zipatazo 50. Ngome iliyowatoza watu wa pwani kwa miaka mingi ilivunjwa na maji.

Wajerumani walikuja na reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 treni ikawa imefika Morogoro. Mwendo wa siku nyingi kwa miguu, mizigo kichwani, ukawa safari ya kukaa kitini. Hapo ndipo wakubwa waliochoshwa na joto la pwani walipopata njia ya kukimbilia kwenye baridi, na jengo la Morningside, juu mlimani, ni la enzi hizo. Hawakulifaidi sana. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia mjini, na Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka milima kuelekea Kisaki.

Kuna kijana mmoja wa Moro ambaye hakusubiri bahari imfuate. Salum Abdallah alikua akisikiliza santuri za Cuba, zile za mfululizo wa namba za GV, mpaka zikampanda kichwani. Husimuliwa kwamba alitoroka kwao hadi Mombasa ili apande meli kwenda Cuba kwenyewe. Meli hakuipanda. Akarudi nyumbani, akaanzisha bendi iliyokuja kuitwa Cuban Marimba, na watu wa Tanganyika wakacheza rumba ya Kicuba iliyopikwa chini ya Uluguru. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mwaka huohuo mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz, bendi ambayo mwaka 1970 ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia.

Deni la mji kwa bahari linalipwa na mto Ruvu. Unaanzia Uluguru, unapokea Mgeta na Ngerengere, kisha unamwagika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Huko mlangoni maji ni ya rangi ya udongo na mikoko imejaa; matumbawe hayapendi tope, ndiyo maana wazamiaji huvuka kwenda visiwani. Udongo huo ulishaleta ugomvi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na Julai 1955 ghasia zikazuka. Mpango ukafa.

Na kabla ya kufika baharini, Ruvu huinywesha Dar es Salaam: mtambo wa Ruvu Juu ni wa mwaka 1959, wa Ruvu Chini ni wa 1976. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme imekuwa ikiwapandisha watu wa Dar hadi Moro kwa muda wa saa mbili hivi. Wanashuka na mabegi ya mgongoni, wanapanda kilele cha Lupanga au Morningside, wengine wanaendelea hadi Bunduki kupiga picha kwenye maporomoko ya Hululu. Kiongozi wa njia wanamlipa hapohapo. Maji yenyewe watayalipia Dawasa, mamlaka ya maji ya Dar, mwisho wa mwezi.