Hongo, Posho na Mzigo: Historia ya Akiba ya Anayehamia Dodoma



Tangu wizara za Muungano zihamie Dodoma, nyumba nyingi za visiwani zimejikuta na swali jipya. Mume amepata uhamisho, au binti amepangiwa kazi, au biashara ya hapa imelala na jamaa aliyeko huko anaita. Tunakaa na mama na mashangazi, tunahesabu nauli ya boti na nauli ya treni, tunasema alhamdulillah, zinatosha. Lakini nauli ni ya siku moja tu, na baada yake kuna miezi ya kuishi.

Leo hatutatoa orodha ya bei, kwa sababu bei hubadilika kila mwezi. Tutakwenda kwenye historia ya nchi yenyewe tunayohamia, maana katika Afrika Mashariki ni pahala pachache palipowahi kumfundisha msafiri kupiga hesabu kama Ugogo. Na tutaisimulia kutokea Bahi, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 50 magharibi ya Dodoma, katika njia ya kwenda Manyoni na Singida.

Wengi wetu Bahi tunaijua kwa mchele wake. Ni nchi ya mbuga: maji ya Mto Bubu huingia katika bonde la Bahi na hayana njia ya kutokea. Mvua ikinyesha, bonde hugeuka ziwa la matope ambamo mpunga hustawi. Jua likiwaka, maji hukauka na kuacha chumvi juu ya ardhi, nayo imekusanywa na wenyeji tangu zamani. Mvua ni msimu mmoja tu, takriban Disemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya kula kilichowekwa. Kwa hiyo mtu wa huku hakuhitaji benki kumfundisha maana ya akiba.

Sasa turudi nyuma, zama ambazo watu wa kwetu walikuwa wakikatiza nchi hii kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, mingi ikigharimiwa kwa fedha za matajiri wa Unguja, ilipita Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke waliifuata njia hiyo hiyo. Upande wa mashariki wa Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Upande wa magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali, pori refu la njaa na kiu. Katikati ndiko kulikokuwa na visima, nafaka na ng'ombe, na wenyewe walikuwa Wagogo. Kila mtemi aliyemiliki maji na njia alidai hongo.

Neno hili leo lina maana mbaya, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita na kunywa. Ililipwa kwa nguo: merikani, ile bafta ngumu iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki. Hesabu ilikuwa kwa doti, kipimo hicho hicho tunachonunulia kanga hadi leo. Msafara ulisimama siku nzima, pengine siku kadhaa, mazungumzo yakiendelea, na wapagazi huku wanakula.

Kwa hiyo mkuu wa msafara mwenye akili aligawa nguo zake mafungu matatu kabla ya kuondoka pwani. Fungu la kwanza lilikuwa la hongo, yaani la kufungulia njia. La pili lilikuwa la posho, yaani chakula cha kila siku cha watu wake, na neno hilo tunalitumia mpaka leo. La tatu lilikuwa mzigo wenyewe, bidhaa ya kwenda kununulia pembe huko mbele. Aliyeyachanganya mafungu haya alifika Ugogo akaanza kulipa hongo kwa posho, kisha akanunua posho kwa mzigo. Akifika Tabora hana cha kuuza, na kilichombakia ni deni la tajiri wa Unguja.

Tukumbuke kwamba wanawake walikuwemo katika misafara hiyo. Wengine walifuatana na waume zao wapagazi, wamebeba vyungu, mikeka na watoto, wakipika kila kituo. Bila shaka hao ndio walioona mapema zaidi kwamba posho inapungua.

Mafungu haya matatu ndiyo tunayotaka kila dada anayehama ayachukue. Lakini kabla hatujayageuza kuwa shilingi, historia ya Bahi ina mafunzo mengine mawili, na yote mawili yalilipiwa kwa gharama kubwa.

La kwanza ni la ng'ombe. Akiba ya Mgogo ilikuwa ng'ombe: mvua ikikosekana, aliuza au alibadilisha mnyama kwa nafaka. Na mwenye busara hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa vijiji vya mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wasalie. Utaratibu huu uliwavusha watu katika njaa nyingi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, halafu ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, na yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulipofuata, hapakuwa na cha kuuza wala mikono ya kulima. Njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza, anakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Hatuitaji habari hii kwa wepesi. Tunaitaja kwa sababu inaonesha kwamba hata akiba iliyopangwa vizuri ina mpaka wake, na kwamba akiba ya aina moja tu inaweza kuondoka kwa siku moja. Wagogo walijua kutawanya zizi, ila kila zizi lilikuwa na ng'ombe, na ng'ombe ndio waliotakiwa na jeshi.

Funzo la pili ni la serikali yenyewe. Wazo la kuhamishia makao makuu katikati ya nchi ni la zamani. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Bahi. Wajerumani waliwahi kuifikiria Dodoma kuwa makao makuu, na Waingereza pia. Mwaka 1973 chama cha TANU kikaamua, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile iliyojulikana kwa jina la CDA. Bajeti ilipigwa: kuhama kwa miaka 10, kwa gharama iliyokisiwa kuwa paundi milioni 186.

Na dunia haikusubiri. Mwaka ule ule wa 1973 bei ya mafuta ilipanda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikalazimika kuanzisha yenyewe huduma zilizokuwa za pamoja. Mwaka 1978 vita na Idi Amin vikaanza. Fedha za kuhamia zikaenda kwenye mambo ambayo hayakuwemo katika bajeti. Miaka 10 ikapita, na wizara nyingi bado ziko Dar es Salaam. Bunge lilianza kukaa Dodoma mwaka 1996. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, mwaka ambao Bahi nayo ilikuwa wilaya. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia mwaka huo huo, na Mama Samia, mtoto wa Makunduchi, wakati huo Makamu wa Rais, akahamia Disemba 2017. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa Aprili 2019, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba mwaka huo.

Hesabu ya miaka 10 ilichukua zaidi ya 40. Kama dola yenye wahasibu na wahandisi ilikisia pungufu kiasi hicho, sisi wenye daftari la jikoni tusione aibu kuongeza fungu la dharura.

Na matokeo ya kuhama huko yako wazi. Sensa ya 2012 iliihesabia Dodoma mjini watu 410,956. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Watu walikuwa karibu mara mbili ndani ya miaka 10, na ukiongeza watu kiasi hicho, kodi ya nyumba na bei ya kiwanja havikai palepale. Hii ndiyo sababu Bahi inatuhusu sisi wahamiaji. Mchele unaoliwa jijini kwa sehemu unatoka huko. Vijana wa huko nao wanaingia jijini kutafuta kazi, wakitafuta vyumba vile vile tunavyovitafuta sisi. Na reli mpya ya mwendokasi, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, imejengwa kupita Bahi kuelekea magharibi.

Sasa tugeuze mafungu kuwa shilingi. Takwimu hizi ni mfano tu; weka zako.

Fungu la hongo ni kila kinacholipwa mara moja ili mlango ufunguke: nauli za watu wote, kusafirisha vitu, kodi ya kuanzia, dalali, sare na vitabu vya skuli mpya, godoro na jiko. Huko bara mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi 3, 6 au hata 12 kwa mkupuo. Tuseme kodi ni sh 150,000 kwa mwezi na anataka miezi 6: hiyo ni sh 900,000. Dalali tuseme achukue ya mwezi mmoja, sh 150,000. Safari, vitu na skuli tuseme sh 500,000. Jumla sh 1,550,000.

Fungu la posho ni chakula, maji, umeme, dawa na nauli za mjini kwa miezi 3 ya mwanzo, hata kama mshahara umeahidiwa. Malipo ya uhamisho na mshahara wa kwanza huweza kuchelewa. Watoto hawachelewi kula. Kwa sh 15,000 kwa siku, siku 90 ni sh 1,350,000. Ukichanganya na hongo unapata sh 2,900,000. Hapo ndipo nauli peke yake inapoonekana udogo wake.

Posho hupungua kwa kuchagua wakati na kujifunza kula cha nchi. Baada ya mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, nafaka huwa rahisi kuliko Januari na Februari, wakati maghala yamebaki sakafu. Nazi na samaki wa bahari vimesafiri kutoka pwani, na bei yake inajumuisha safari hiyo. Mlenda, ugali wa uwele na mtama, karanga na mchele wa Bahi viko karibu. Pia weka sweta katika hesabu: Juni na Julai usiku wa huko una baridi isiyojulikana Unguja wala Pemba.

Fungu la tatu, mzigo, ni lile lisiloguswa na safari. Hapa tunasema na akina mama wenzetu hasa. Mara nyingi mzigo ni dhahabu yako, mahari yako, au pesa ya mchezo. Kwa dini yetu mali hiyo ni yako, na matumizi ya nyumba ni jukumu la mume. Ukipenda kusaidia, ni hisani na una ujira wake kwa Mola. Lakini isaidie kwa kupanga, na iandikwe. Tusiuze bangili kulipa dalali halafu tukauziwa kikombe cha chai kwa mkopo mwezi wa pili.

Kama uko katika mchezo, ongea na wenzako mapema. Zamu yako ije kabla ya kuhama na umalize kuchangia, au upange nani atapokea mchango wako ukiwa mbali. Kuondoka na deni la mchezo ni kuondoka na heshima za watu. Na kumbuka zizi la Mgogo: sehemu iwe benki au kwenye simu, sehemu kwa ndugu mwaminifu hapa kisiwani, sehemu katika kitu kinachouzika. Usifikie jiji geni na akiba yote ndani ya mkoba mmoja.

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliwaambia watu wa Misri waweke katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya dhiki, na hakuna aliyemwona kuwa mtu wa imani ndogo. Kupanga ni sehemu ya kutegemea.

Basi wiki hii, kabla hamjanunua tiketi, chukueni bahasha tatu: hongo, posho, mzigo. Andikeni juu ya kila moja kiasi kinachotakiwa, kisha hesabuni kilichomo. Kama bahasha ya posho ni tupu, safari isogezwe miezi miwili, na hakuna ubaya. Misafara ya zamani nayo ilisubiri pwani mpaka nguo zitimie.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awajaalie riziki yenye baraka huko muendako.