Fahamu Makundi ya Kasoro za Kuzaliwa za Sehemu ya Mbele ya Jicho

Weupe unaoonekana katika jicho la mtoto mchanga huitwa na wengi "mtoto wa jicho". Kitabibu, weupe huo unaweza kutokana na kasoro kadhaa zilizo tofauti, na kila moja ina matibabu yake na muda wake wa kutibiwa. Kwa mzazi aliyeko Sirari, Nyamongo au Mugumu, ambaye huduma za kibingwa ziko Musoma na Mwanza, kuitambua tofauti hiyo mapema kunaweza kuamua iwapo mtoto ataona au hataona.

Jinsi kasoro zinavyotokea

Sehemu ya mbele ya jicho ina konea, ambayo ni kioo angavu cha nje. Airisi, yaani duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Lenzi iliyo nyuma ya mboni. Na pembe ambamo maji ya ndani ya jicho hutokea. Kuanzia takriban wiki ya 6 ya ujauzito, seli zinazohama kutoka kando ya mrija wa neva wa kiinitete huingia mbele ya jicho na kushiriki kujenga konea, airisi na pembe hiyo. Uhamaji huo ukivurugika, sehemu husika hubaki pungufu au hushikamana na nyingine.

Makundi makuu

Kundi la kwanza ni la ukubwa wa jicho. Mtoto huzaliwa na jicho dogo kuliko kawaida, au konea kubwa kupita kiasi ingawa shinikizo la jicho ni la kawaida.

Kundi la pili ni la konea. Katika kasoro ya Peters, iliyopewa jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906, konea huwa na ukungu katikati, na mara nyingi airisi au lenzi hushikamana nayo.

Kundi la tatu ni la airisi na pembe ya jicho. Humo kuna aniridia, ambapo airisi hukosekana yote au sehemu kubwa. Koloboma, ambapo airisi huwa na pengo. Na hali ya Axenfeld-Rieger, ambapo mboni huweza kuvutika upande mmoja, na meno na kitovu pia huweza kuwa na kasoro.

Kundi la nne ni la lenzi, ambako ndiko uliko mtoto wa jicho wa kuzaliwa. Kundi la tano ni glakoma ya kuzaliwa, inayosababishwa na pembe ya jicho kushindwa kupitisha maji. Mtoto huogopa mwanga, hutokwa machozi, na jicho lake hukua kupita kiasi na kuwa na ukungu.

Kutoka umbo hadi chanzo

Mwaka 1975, wataalamu wa Marekani Waring, Rodrigues na Laibson walizipanga kasoro hizi kama ngazi, kuanzia iliyo nyepesi hadi iliyo nzito, kwa kuangalia umbo pekee. Baadaye jeni za PAX6, PITX2 na FOXC1 zilipogunduliwa, ilibainika kuwa hitilafu ya jeni moja inaweza kuleta maumbo tofauti. PAX6, kwa mfano, huhusika na aniridia na pia baadhi ya kasoro za Peters. Kwa sababu hiyo, wataalamu leo huangalia umbo pamoja na chanzo. Katika toleo la 10 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kasoro za lenzi zimo chini ya Q12, za sehemu ya mbele chini ya Q13, na glakoma ya kuzaliwa chini ya Q15.

Umuhimu wa kutambua kundi

Mtoto wa jicho mzito wa kuzaliwa hufaa kufanyiwa upasuaji katika wiki chache za mwanzo wa maisha. Ukicheleweshwa, ubongo haujifunzi kuona, na upasuaji wa baadaye haurejeshi uoni kamili. Glakoma ya kuzaliwa huhitaji upasuaji wa haraka kwa kuwa shinikizo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Takriban nusu ya wenye hali ya Axenfeld-Rieger hupata glakoma, hivyo hufuatiliwa maisha yao yote. Mtoto mwenye aniridia isiyo ya kurithi hupimwa figo mara kwa mara, kwa kuwa baadhi yao hupata saratani ya figo. Aidha, weupe ndani ya mboni unaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huhatarisha uhai.

Baadhi ya visa vya mtoto wa jicho wa kuzaliwa huzuilika. Rubela ikimpata mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza huweza kudhuru macho, moyo na usikivu wa mtoto. Chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini mwaka 2014.

Hatua za kuchukua

Wazazi wanaoona weupe, jicho kubwa au dogo isivyo kawaida, mboni isiyo ya duara, au mtoto anayekwepa mwanga, wanashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya mara moja bila kusubiri siku ya kliniki. Kutoka hapo mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali ya halmashauri, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mara iliyopo Musoma, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza. Dawa za kienyeji na matone yasiyoandikwa na daktari yasiwekwe katika jicho la mtoto.