Hisabati: Tofauti kati ya matokeo yanayotarajiwa na yanayopatikana

SOMO la uwezekano huwatatiza wanafunzi wengi kwa kuwa lina mambo mawili yanayofanana: matokeo yanayotarajiwa kwa hesabu, na marudio yanayopatikana kwa majaribio.

Katika mtaala wa 8-4-4 uliorekebishwa mwaka wa 2002, mada hii iliwekwa katika Kidato cha Tatu.

Jaribio la kwanza halihitaji vifaa ghali. Sarafu ya shilingi 10 iliyozinduliwa Desemba 2018 ina nembo ya taifa upande mmoja na simba upande wa pili. Ikirushwa mara 40, simba hutarajiwa mara 20, yaani nusu ya 40. Mwanafunzi akipata simba mara 23, hajakosea. Marudio ya uwiano ni 23 kugawanya kwa 40, sawa na 0.575. Makundi 10 yakijumlisha matokeo yao, kwa kawaida uwiano husogea karibu na 0.5.

Kanuni hiyo ilithibitishwa na Jacob Bernoulli wa Uswisi katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1713, baada ya kifo chake. John Kerrich naye, akiwa kizuizini Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alirusha sarafu mara 10,000 na kupata kichwa mara 5,067.

Hata hivyo, si kila jambo lina matokeo yenye nafasi sawa. Mkulima wa Itumbe, Kaunti ya Kisii, hawezi kudai kuwa uwezekano wa mbegu kuota ni nusu eti kwa sababu itaota au haitaota. Hapo sharti majaribio yafanywe. Mathalan, wanafunzi wakipanda punje 50 za mahindi na 42 zikachipuka, marudio ya uwiano ni 0.84. Kwa punje 200, miche 168 hutarajiwa. Hayo ni makadirio, si ahadi.

Kosa kubwa ni kudhani sarafu ina kumbukumbu. Nembo ikitokea mara tano mfululizo, uwezekano wa simba katika mrusho wa sita ungali nusu. Uwiano hutengemaa kwa kuwa marusho mengi humeza tofauti za awali, wala si kwa kuwa sarafu hulipa deni. Dhana hiyo potovu ndiyo humfanya mcheza kamari aongeze dau akiamini zamu yake ya kushinda imewadia.

Hivyo, ni bora mwalimu awatake wanafunzi waandike matarajio yao kabla ya jaribio, wanakili kila tokeo katika jedwali, kisha walinganishe.