Walter Rodney na Utani wa Kwao

Walter Rodney aliuawa mjini Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980, kwa bomu lililofichwa ndani ya simu ya upepo aliyokabidhiwa akiwa garini. Alikuwa na miaka 38. Wanahistoria wa Mlimani wamemlilia sana mwenzao huyu, na ni haki yao. Ila sisi wa fasihi tumewaachia wao msiba wote, kama kwamba marehemu hakuwa na neno na sisi. Makala hii inadai kwamba alikuwa nalo, na tena neno lenyewe lahusu lugha.

Kwanza tukumbushane. Rodney alifika Dar es Salaam mwaka 1966, kijana wa miaka 24 aliyetoka kuipata shahada ya udaktari London. Mwaka 1968 akaenda kufundisha Jamaica, na huko hakukaa chuoni tu: alishuka mitaani kuzungumza na Marasta na makabwela wengine. Oktoba mwaka huohuo serikali ikamzuia kuingia nchini aliporudi kutoka mkutanoni Kanada, na Kingston ikachafuka. Basi mwaka 1969 akarudi Mlimani, akakaa hadi 1974. Hapa aliwakuta vijana wa Cheche, lile jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970. Hata yeye alionja karipio: Desemba 1969 gazeti la The Nationalist lilimshambulia kwa tahariri kali. Hakufukuzwa lakini.

Kitabu chake maarufu, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka mwaka 1972, London na hapahapa Dar. Watu hujadili maudhui yake tu. Hebu tutazame fani. Hakina tanbihi. Kila sura inaishia na maelezo mafupi ya vitabu vya kusoma zaidi, basi. Mwandishi mwenye shahada yake alikataa kwa makusudi kuwaandikia wakubwa wa taaluma. Na dibaji yake, kwa maoni yangu, ni kipande cha fasihi. Anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu, vijana wa kundi la Cheche waliousoma mswada na kuukosoa. Halafu anagoma kuandika yale maneno ya desturi, kwamba makosa yote yaliyobaki ni ya mwandishi peke yake. Anasema huo ni ubinafsi wa kibepari. Dhamana ya kazi kama ile ni ya wote. Ukitaka kujua kwa nini wenzake walimpenda, usihangaike na hotuba za rambirambi. Soma hapo. Mwalimu anayekubali kubebwa na vijana wake, wangapi tunao?

Lakini kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, wakati wavujajasho waliokuwa wakizungumziwa humo walisema Kiswahili. Nadhani Rodney mwenyewe aliiona kasoro hii kuliko wahakiki wake. Katika mazungumzo aliyofanya Marekani baada ya kuondoka Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 1990, alieleza kwa nini alirudi kwao. Mtu anayetaka kufanya siasa na umma, alisema, lazima aweze kucheka nao mzaha unaotokana na namna neno linavyotamkwa, na aweze kwenda sokoni kupatana bei bila kuonekana mgeni. Hilo Guyana aliliweza. Hapa, pamoja na mapenzi yote, hakuliona likiwezekana.

Kwa kweli alisema kweli. Kiswahili cha darasani kinakufikisha Kariakoo, hakikufikishi kwenye utani. Mzaramo humtania Mnyamwezi hata msibani, maiti ikiwa ndani, na wafiwa wakacheka. Kamusi gani itakufundisha hiyo? Tunaambizana kila siku kwamba lugha ni roho ya umma, halafu tunaandika tahakiki ambazo mama zetu hawawezi kuzisikiliza hadi mwisho.

Alikwenda, na kwenda kule ndiko kulikomgharimu. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimempa uprofesa wa historia. Serikali ya Burnham ikaufuta. Angeweza kurudi Mlimani. Akabaki, bila ajira, akihutubia kwenye kona za mitaa kwa Krioli ya kwao, na nyumbani akiandika historia ya wafanyakazi wa Guyana, iliyotoka mwaka 1981 yeye hayupo. Aliandika hata hadithi ya watoto, Kofi Baadu, ili mtoto wa Guyana ajue babu yake alivyofika kule kutoka Afrika.

Tume ya uchunguzi ilimaliza kazi mwaka 2016, ikaona mkono wa dola katika kifo chake. Na cheti cha kifo je? Kwenye nafasi ya kazi ya marehemu kilikuwa kimeandikwa kwamba hana kazi. Mwaka 2021, miaka 41 baadaye, serikali ilitangaza kwamba kitasahihishwa, kiandikwe profesa.