Nani Aseme "Kwetu"? Jimbo la Georgia katika Nyimbo za Marekani, 1865–2001

1.0 Utangulizi

Georgia ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yaliyotajwa sana katika nyimbo. Jimbo hilo la kusini, pamoja na miji yake ya Atlanta, Savannah, Macon na Statesboro, limeimbwa katika nyimbo za kijeshi, bluzi, jazi, soul na hip-hop. Hata hivyo, kadhaa kati ya nyimbo zilizolipa umaarufu mkubwa zilitungwa na watu ambao hawakuzaliwa huko, na baadhi yao walizitunga wakiwa mamia ya kilomita kutoka mipaka yake. Hali hiyo inazua swali ambalo si la muziki peke yake: wimbo wa mahali ni mali ya nani?

Makala hii inajenga hoja kwamba historia ya nyimbo za Georgia ni historia ya mvutano kuhusu nani ana haki ya kuliita jimbo hilo kwao. Sarufi ya Kiswahili inatoa zana mwafaka ya kuuchambua mvutano huo. Katika ngeli za mahali, kiambishi KU- huashiria mahali pa jumla, aghalabu mbali na msemaji: kule. Kiambishi hichohicho kikiungana na kimilikishi huzaa neno lililo karibu mno na moyo wa msemaji: kwetu. Kinachotenganisha kule na kwetu si umbali, bali ni umilikaji. Mtu aliyeishi ughaibuni miaka thelathini bado husema kwetu. Kiingereza hakina upambanuzi huo katika viambishi vyake. Nyimbo zinazojadiliwa hapa huudhihirisha kwa njia nyingine: vitenzi vya mwendo, sauti ya mwimbaji, na historia ya maisha ya anayeimba.

2.0 Georgia kama Njia

Wimbo "Marching Through Georgia" ulichapishwa mjini Chicago mapema mwaka 1865. Jina lake lenyewe limejengwa juu ya mwendo: jeshi linapita katikati ya jimbo likielekea kwingine. Mtunzi, Henry Clay Work, alizaliwa Connecticut mwaka 1832 katika familia iliyopinga utumwa, na baba yake aliwahi kufungwa kwa kuwasaidia watumwa kutoroka. Tukio linalosimuliwa ni msafara wa Jenerali William T. Sherman, ulioondoka Atlanta tarehe 15 Novemba 1864 ukiwa na askari wapatao 60,000, na kuutwaa mji wa Savannah tarehe 21 Desemba. Work hakuwa mmoja wa askari hao.

Umbali wa mtunzi unajitokeza katika maudhui. Wimbo unawaonyesha watu weusi wakilishangilia jeshi, lakini unawaweka katika nafasi ya hadhira ya msafara, si ya wenyeji wa nchi inayopitwa. Maelfu yao waliufuata msafara huo wakitafuta uhuru. Tarehe 9 Desemba 1864, katika kijito cha Ebenezer Creek karibu na Savannah, Jenerali Jefferson C. Davis wa jeshi hilohilo aliamuru daraja la muda liondolewe mara askari wake walipokwisha kuvuka. Waliokuwa wakifuata waliachwa ng'ambo ya pili huku wapanda farasi wa upande wa pili wa vita wakikaribia, na wengi walizama. Tukio hilo halimo katika beti za Work.

Tarehe 16 Januari 1865, akiwa Savannah, Sherman alitoa Agizo Na. 15 lililotenga ardhi ya pwani kwa ajili ya familia zilizoachwa huru, kila familia ipate kipande kisichozidi ekari 40. Katika mwaka huohuo Rais Andrew Johnson aliurejesha mkondo nyuma, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikarudi kwa wamiliki wa zamani. Wimbo na agizo vilitoka kwa tofauti ya majuma machache tu. Wimbo ulidumu, agizo halikudumu. Aidha, mahadhi ya wimbo yalivuka bahari hadi Uingereza, ambako wafuasi wa Chama cha Liberal waliyatilia maneno mapya ya kudai mageuzi ya ardhi. Wepesi huo wa kuling'oa jina la Georgia na kupachika dai jingine unathibitisha kwamba jimbo lilikuwa kule tu katika utunzi wa Work. Lilikuwa jukwaa la ushindi, na jukwaa huweza kuhamishwa.

3.0 Statesboro ya Mwenyeji

Miongo sita baadaye, mwenyeji mmoja aliimba kwa mkabala tofauti. Blind Willie McTell, mwanamuziki kipofu aliyezaliwa Thomson, Georgia, na kukulia Statesboro, alirekodi "Statesboro Blues" mjini Atlanta mwezi Oktoba 1928, akijipigia gitaa la nyuzi kumi na mbili. McTell hausifu mji wala hauelezi mandhari yake. Jina Statesboro linageuka kuwa jina la majonzi yanayowashika ndugu na jamaa wote, mithili ya maradhi ya ukoo. Mahali hapa si pa jumla tena. Panajulikana, pana watu wake, na panauma.

Hata hivyo, kitenzi kikuu katika wimbo huo ni cha kuondoka: msemaji anamwalika mpenzi wake wafunge safari waende mbali. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wamarekani weusi wengi wa kizazi chake. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, wapatao milioni sita walihama majimbo ya kusini wakikimbia ubaguzi, mauaji ya makundi ya watu, na umaskini wa mashamba ya pamba. Kwa mwenyeji mweusi wa wakati huo, kusema kwetu na kusema naondoka hakukuwa na ukinzani. McTell alifariki mwaka 1959, kabla Taj Mahal hajautoa upya wimbo huo mwaka 1968, na kabla kundi la Allman Brothers Band, lililokuwa na makao yake Macon, halijaueneza duniani kwa santuri yao ya mwaka 1971.

4.0 Kutoka New York hadi Bunge la Atlanta

Kielelezo kikuu cha mabadiliko kutoka kule hadi kwetu ni "Georgia on My Mind". Wimbo huu ulitungwa mwaka 1930 jijini New York na watu wawili wa Indiana: Hoagy Carmichael aliyebuni mahadhi, na Stuart Gorrell aliyeandika maneno. Mbali na miti ya misonobari, maneno hayo hayataji chochote ambacho msikilizaji angekitambua kuwa cha Georgia: si mji, si mto, si tukio. Zaidi ya hayo, Georgia ni jina la mwanamke pia, na dada yake Carmichael aliitwa hivyo; kwa hiyo utata wa kama anayekumbukwa ni mtu au jimbo haujawahi kwisha. Mfasiri wa Kiswahili angelazimika kuutatua mapema, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi ungemtaka achague kati ya kiambishi cha mtu na kiambishi cha mahali. Kiingereza kiliwaruhusu watunzi kuacha mlango wazi, na ni kupitia mlango huo ndipo waimbaji waliokuja baadaye waliingia.

Wimbo ulirekodiwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1930. Siku nane baadaye, Ray Charles alizaliwa Albany, Georgia. Alilelewa katika jimbo jirani la Florida, akapoteza uwezo wa kuona utotoni, na mwaka 1960 aliurekodi wimbo huo katika albamu "The Genius Hits the Road", ambayo nyimbo zake zote zilihusu mahali mbalimbali pa Marekani. Georgia ilikuwa kituo kimoja tu katika ziara hiyo ya kubuni. Lakini mwendo wa taratibu aliouchagua, pamoja na sauti iliyobeba mapokeo ya kanisa na bluzi, viliutenga wimbo na vituo vingine, ukafika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini Marekani.

Miezi michache baadaye, mwezi Machi 1961, Charles alitakiwa kutumbuiza mjini Augusta, Georgia. Alipofahamishwa na wanafunzi wa Chuo cha Paine kwamba sakafu ya dansi ingetengwa kwa ajili ya wazungu na watu weusi wangekaa roshani, alikataa kupanda jukwaani. Mwaandalizi wa onyesho alimshtaki kwa kuvunja mkataba, na mwaka 1962 mahakama mjini Atlanta ikamtoza dola 757. Mwaka 1963 alirudi Augusta akaimba mbele ya hadhira isiyotenganishwa kwa rangi.

Masimulizi maarufu, yaliyokuzwa na filamu "Ray" ya mwaka 2004, yanadai kwamba alipigwa marufuku kuingia Georgia maisha yake yote, kisha akaombwa radhi rasmi. Kihistoria, marufuku hayo hayakuwapo. Hata hivyo, uzushi huo una thamani kwa mchambuzi, kwani unaonyesha kile ambacho jamii ilihitaji wimbo huo uthibitishe: kwamba aliyefukuzwa amerudishwa kwao. Kilichotokea kweli kilikuwa na uzito wa kutosha bila kuongezwa chumvi. Tarehe 7 Machi 1979 Charles aliuimba wimbo huo mbele ya Baraza la Kutunga Sheria la Georgia, na mwezi Aprili ukawa wimbo rasmi wa jimbo, ukichukua nafasi ya ule uliokuwapo tangu mwaka 1922. Chombo ambacho kwa miongo mingi kilikuwa kimetunga sheria za ubaguzi kilikubali kuwakilishwa na sauti ya mtu mweusi. Maneno yalikuwa ya watu wa Indiana, lakini kimilikishi kilitoka kwa mwimbaji.

5.0 Kurudi na Kukaribisha

Mfumo huohuo unaonekana katika "Midnight Train to Georgia". Mtunzi wake, Jim Weatherly wa Mississippi, aliutunga akiwa Los Angeles, na katika umbo la awali safari ilikuwa ya ndege kwenda Houston. Mwimbaji Cissy Houston ndiye aliyetaka badiliko, akieleza kwamba watu wa ukoo wake walitoka Georgia na walisafiri kwa treni, si kwa ndege. Mwaka 1973 Gladys Knight and the Pips, wote wakiwa wazaliwa wa Atlanta, waliurekodi upya na kuufikisha nafasi ya kwanza. Treni, iliyokuwa chombo cha uhamaji wa kwenda kaskazini na magharibi, iligeuzwa mwelekeo. Miaka mitano tu kabla, katika "(Sittin' On) The Dock of the Bay", Otis Redding, aliyekulia Macon, alikuwa ameimba habari za mtu aliyeiacha Georgia asipate lolote ng'ambo ya pili ya nchi. Wimbo wa Weatherly ni kama jibu: aliyeshindwa ugenini anarudi, na mkewe au mpenzi wake anafuatana naye. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mkondo wa uhamaji wa Wamarekani weusi ulianza kweli kuelekea kusini.

Mwishoni mwa karne, Atlanta haikuwa tena mji wa kurudiwa tu, bali mji wa kukaribisha. Mwaka 1996 kundi la OutKast liliita albamu yake "ATLiens", likiunganisha herufi za kiwanja cha ndege cha mji huo, ATL, na neno la Kiingereza la viumbe wageni wa anga za mbali: wenyeji wanajiita wageni kwa kejeli. Mwaka 2001 Jermaine Dupri na Ludacris walitoa "Welcome to Atlanta". Kwa desturi, anayesema karibu ni mwenye nyumba. Wote wawili walizaliwa nje ya Georgia. Uenyeji wao ulitokana na maisha waliyoyajenga humo, wala hawakuhitaji idhini ya baraza lolote.

6.0 Wimbo Usiolitaja Jimbo

Hoja iliyojengwa hapa inapata mpaka wake katika kielelezo kimoja cha pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanaisimu Mmarekani mweusi Lorenzo Dow Turner alimrekodi Amelia Dawley wa Harris Neck, Georgia, akiimba wimbo ambao maana yake haikujulikana tena na waimbaji wenyewe. Turner aliuchapisha mwaka 1949, na maneno yake yalibainika kuwa ya Kimende cha Sierra Leone. Mwaka 1942 serikali kuu ilitwaa ardhi ya Harris Neck kwa ajili ya kiwanja cha ndege za kijeshi, na familia za watu weusi zikahamishwa. Mwaka 1997 binti yake Dawley, Mary Moran, alisafiri hadi kijiji cha Senehun Ngola, Sierra Leone, ambako wimbo huo ulikumbukwa kama wimbo wa maziko. Wimbo huu hautaji Georgia hata mara moja, lakini uliishi humo vizazi kadhaa, ukatunza kwao kwingine ambako waimbaji walikuwa wamekwisha kukusahau.

7.0 Hitimisho

Vielelezo hivi vinaonyesha kwamba uchunguzi wa nyimbo za mahali ukiishia kwa mtunzi utakosa nusu ya historia. Work, Carmichael, Gorrell na Weatherly walitoa jina na mahadhi. Charles, Knight na wenzao walitoa dai la umilikaji, nao walilitoa katika jimbo ambalo sheria zake ziliwahi kuwanyima wao au wazazi wao nafasi ya kukaa wanapotaka. Kwa mtafiti wa fasihi ya Kiswahili, utofautishaji wa kule na kwetu unafaa kutumiwa zaidi ya sarufi. Unaweza kumsaidia kuuliza, katika kila wimbo unaotaja nchi au mji, ni nani anayetia kimilikishi, ni lini alikitia, na ni nani bado amenyimwa.