Usugu wa Salmonella kwa Dawa: Homa Bay na Migori

Usugu wa Salmonella ni uwezo wa bakteria hao kuendelea kuzaana mgonjwa akiwa tayari anatumia dawa ya kuwaua. Chanzo chake kimo katika jeni. Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, usugu huo una uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na takriban asilimia 13 Migori, na malaria nayo haijaisha. Mtoto mwenye malaria kali au utapiamlo, kama mtu mzima ambaye VVU vimedhoofisha kinga yake, hana nguvu ya kuwazuia Salmonella wasitoke utumboni na kuingia katika damu. Mara nyingi hata kuhara hakuna. Kuna homa tu, na homa huku hudhaniwa kwanza kuwa malaria. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara.

Kundi linaloongoza kwa maambukizi hayo ni Salmonella Typhimurium ST313, lililoelezwa 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya. Jeni zake nyingi za usugu hukaa pamoja kwenye plasmidi, duara la DNA lililo nje ya kromosomu. Jeni ya blaTEM-1 huunda kimeng'enya kinachovunja ampisilini. Ile ya catA1 huibadilisha kloramfenikoli hata isiweze kushika inapopaswa kushika. Za sul na dfrA hutoa vimeng'enya mbadala visivyodhuriwa na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin. Kwa kuwa zimefungamana, dawa moja tu ikitumika, jeni zote hunufaika.

Mwaka 2015 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, akiwemo Samuel Kariuki, walieleza ST313 kutoka kwa wagonjwa wa Kenya wenye plasmidi nyingine, IncHI2, iliyobeba blaCTX-M-15. Jeni hiyo huishinda seftriaksoni, sindano ambayo madaktari huitegemea dawa za zamani zikishindwa. Hili ni jambo la kutia hofu.

Je, Septrin ya kila siku kwa wanaoishi na VVU iachwe? Homa Bay swali hilo lilijaribiwa kwa watu 500 waliokuwa wameimarika kwa ARV. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba walioacha waliugua malaria zaidi kuliko walioendelea. Kuna sababu nzuri, basi, ya kuendelea nayo, ingawa huzipa nafasi sul na dfrA.

Dawa nyingine ya kuua bakteria, azithromaisini, ilipojaribiwa kama kinga ilitoa jibu tofauti. Katika utafiti wa Toto Bora, uliofanywa Kisii na Homa Bay kuanzia 2016 hadi 2019, watoto 1,400 waliotoka hospitalini walipewa ama dawa hiyo kwa siku tano ama dawa bandia. Haikupunguza vifo wala kulazwa tena. Kuwapa dawa hiyo watoto wote wanaoruhusiwa kwenda nyumbani, kwa hiyo, hakufai.